Mafuta ya maua ya mdanzi: mwongozo kamili kwa waliochemsha wakaambulia harufu ya mchicha

Mvua za kwanza zikishapiga huku Mtwara, wiki chache baadaye midanzi, ile michungwa ya matunda machungu, inatoa maua na simu yangu inaanza kuita. Kaka nimechemsha maua ndoo nzima sijaona hata tone la mafuta. Mzee, yangu yananuka mboga. Kuna dada mmoja wa Mikindani alipika kutwa nzima, akaona ametoa maji matupu, akayamwaga chini ya mgomba, alafu ndo akanipigia. Nilitamani kulia, maana alichomwaga ndo mali yenyewe.

Kwaiyo leo naandika yote kwa mpangilio. Makosa ni yaleyale kila mwaka na mengi yanafanyika kabla hata jiko halijawashwa.

## Hesabu kwanza, ili usije ukalaumu mti

Mafuta ya maua ya mdanzi ndo yale ukisoma lebo za manukato na kolon unakuta yameandikwa neroli. Wanaotoa kwa wingi ni Tunisia, Moroko na Misri, na hata wao na mitambo yao mikubwa tani moja ya maua inawapa kama kilo moja ya mafuta. Yaani kilo ya maua ni gramu moja. Nusu kilo, ambayo ndo kipimo cha mwongozo huu, ni nusu gramu, matone kama kumi. Hapo ni kiwandani. Wewe na presha kuka yako uani ukipata matone matano umefanya kazi nzuri.

Ila hiyo nusu kilo inakupa pia maji ya maua zaidi ya nusu lita, yenye harufu kali, unayoweza kupaka, kupuliza na kutia kwenye mapishi. Mtu wa nyumbani anapika kwa ajili ya maji, mafuta ni bahati ya juu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Presha kuka ya lita 10, ya stenlesi kama mfuko unaruhusu. Mpira wa mfuniko uwe mpya. Ule uliopikiwa makongoro miaka mitatu unashika harufu na hautoki hata uombewe.
- Bomba la shaba la mafundi friji, ukubwa wa inchi 3/8, mita tatu, JIPYA. Lile la 1/4 jembamba sana linaziba.
- Nati ya kuunganishia bomba na tundu la mvuke. Mwambie fundi afunge kwa nati, asichomee kwa risasi.
- Ndoo ya lita 20 ya kupozea, na barafu, hii wanayowekea samaki inatosha kabisa maana haigusani na maji yako.
- Mizani, hata ya duka la mtaani.
- Chupa mbili za kioo zenye shingo nyembamba, na vichupa vidogo vya kahawia vyenye mfuniko wa kubana.
- Sirinji ya mililita 1 kutoka duka la dawa.
- Sahani ndogo ya udongo au ya stenlesi, shuka safi, ungo, ndimu, chumvi na unga wa ngano kidogo.

Kuhusu bomba jipya, nasema kwa machungu. La kwanza nililotumia lilikuwa limetolewa kwenye friji bovu, nikaliosha kwa sabuni mara sita, nikaridhika, nikapika maua ya asubuhi nzima. Yalitoka maji yananuka oili ya kompresa, na ile huwezi kujua imebeba nini, nikamwaga yote. Mpira wa gesi au wa kumwagilia bustani nao usithubutu, mvuke wa moto unayeyusha harufu ya mpira na kuileta yote kwenye chupa.

Alafu jambo la kiusalama ambalo sio la jikoni. Ukanda huu kila mtu anajua nipa, ile pombe kali ya mabibo, inavyopikwa, na mtambo wako utafanana nayo kwa kila kitu, ndoo, bomba, moto uani. Mwambie mwenyekiti wa mtaa mapema, mwonyeshe na maua yenyewe. Kuja kujieleza mgambo wameshafika ni kazi nyingine.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni mdanzi kweli

Watu wanachuma maua ya mlimau, ya mchungwa, wengine ya mndimu, alafu wanashangaa harufu sio. Angalia jani. La mdanzi lina kikonyo chenye bawa pana, kama jani jingine dogo limebandikwa chini ya jani kubwa. Mchungwa mtamu nao una bawa ila jembamba. Tunda la danzi gumu la ganda, chungu na chachu kwa pamoja, lile la kukamulia samaki.

Maua ya mchungwa mtamu yanatoa mafuta pia, ila harufu yake nyepesi na haina ule uchungu mtamu wa danzi. Ukiwa na hayo tu pika, kujifunza sio vibaya.

Onyo: kama mti uko jirani na mikorosho iliyopigwa salfa au dawa ya maji, achana na maua ya siku hizo. Salfa inasafiri na upepo mbali kuliko unavyodhani, na ukichemsha unavuta harufu yake pamoja. Mti wa uani, mbali na shamba, ndo salama.

## Hatua ya 2: Kuchuma

Chuma asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Mafuta ya ua ni mepesi, jua la saa sita linayarusha hewani, ndo maana mtaa mzima unanukia mchana na wewe jioni unachemsha maua matupu.

Chagua maua yaliyofunguka leo na matumba yaliyonenepa yanayokaribia kufunguka. Yaliyoanza kuwa kahawia acha. Usichanganye majani wala vijiti, hapa ndo ile harufu ya mchicha inapozaliwa, maana jani la mdanzi lina mafuta yake tofauti kabisa, ya kijanijani. Ukitaka hayo ya majani pika siku nyingine peke yake, ni mazuri na yanatoka mengi kuliko ya maua.

Njia nyepesi ni kutandika shuka chini ya mti ukatikisa matawi taratibu. Usiogope kumaliza matunda, miti hii yenyewe inadondosha sehemu kubwa ya maua yake bila kuguswa. Cha kuogopa ni maji moto, wale sisimizi wekundu wa mitini wanaong'ata. Wanapenda midanzi kama wanavyopenda mikorosho, na ukitikisa wanashuka na maua kichwani. Vaa shati la mikono mirefu.

Weka kwenye kikapu au ungo, tabaka jembamba. Ukijaza kwenye mfuko wa plastiki yanapata joto lake yenyewe, ndani ya saa mbili yameiva na yamebadilika rangi. Usiyaoshe, pepeta tu wadudu watoke, na uyapike ndani ya masaa matatu manne. Sio kesho.

Umefanikiwa ukiona: maua bado meupe, makavu kwa nje, na ukiponda moja kidoleni linanata kidogo na harufu inakaa.

## Hatua ya 3: Kuosha mtambo kwa mvuke

Zungusha bomba kwenye kopo la maziwa upate kama koili, polepole lisikunjike. Pitisha juisi ya ndimu yenye chumvi, suuza kwa maji mengi, alafu puliza kwa mdomo. Hewa lazima ipite bila kizuizi. Bomba likiziba, presha kuka ni bomu. Usiwashe moto kabla hujapuliza, kila unapopika, na ile valvu ya usalama kwenye mfuniko usiiguse wala usiizibe.

Sasa chemsha maji matupu nusu saa, mvuke upite kwenye bomba zima. Nusa yanayotoka. Yakinuka shaba, mpira au supu, rudia mpaka yasinuke kitu. Watu wanairuka hii kwa kuokoa mkaa, wanaharibu maua ya laki na pesa.

## Hatua ya 4: Kupakia

Geuza ile sahani kifudifudi chini ya presha kuka ili maua yasigusane na kitako na kuungua. Mwaga maji lita 2. Ya mvua ndo bora. Ya bomba yaache wazi usiku kucha klorini ipungue. Ya kisima chenye chumvi yanafanya kazi kwasababu chumvi inabaki kwenye chungu, ila yanaacha magaga.

Tia maua nusu kilo. Yaelee.

Hapa kuna mjadala maana wengi wamesoma mahali kwamba mafuta ya harufu yanatolewa kwa mvuke, wanaweka maua kwenye kichujio juu ya maji kama wanapika viazi. Kwa mchaichai sawa, kwa majani ya mkaratusi sawa. Maua ya mdanzi ni laini, mvuke ukiyapiga yanalala na kushikana kama ugali, mvuke unatafuta njia pembeni unapita, na katikati hayaguswi. Ndo maana ya mdanzi yanachemshwa yakiwa yanaogelea ndani ya maji, kama wanavyofanya mawaridi.

Usijaze kupita theluthi mbili ya chungu. Maua yakichemka yanapanda na povu, petali moja ikiingia kwenye tundu umeziba njia.

Funga mfuniko, na penye muungano wa bomba pakaa unga wa ngano uliokandwa kwa maji kidogo. Ukipigwa na joto unakauka na kuziba nyufa bila kuleta harufu mbaya.

## Hatua ya 5: Moto na kupoza

Anza na moto wa wastani. Unga ukianza kukauka na bomba likawa la moto usiloweza kushika, punguza. Kwenye jiko la mkaa toa makaa mawili matatu na ufunge mlango wa hewa.

Unachotaka ni matone ya haraka haraka yanayokaribia kuwa uzi mwembamba, ila yasiwe uzi. Kwa spidi hiyo unajaza mililita 700 kwa saa moja na nusu hadi mbili. Moto mkali unaleta harufu ya kupikwa, mvuke unapita kwenye ndoo kabla haujapoa, na mafuta yanaondoka nao.

Gusa ncha ya bomba na matone yake. Yawe ya uvuguvugu au baridi. Ukiona moshi unatoka pale mwisho hiyo ni neroli yako inaenda kwa jirani, ongeza barafu. Maji ya ndoo yanapata moto juu kwanza, chota ya juu umwage na uongeze ya baridi.

Ncha ya bomba iwe juu ya shingo ya chupa, isizame kwenye maji. Moto ukipungua ghafla chungu kinavuta, kikikuta ncha imezama kinafyonza kila ulichokusanya kinarudisha ndani. Nimeona kwa macho chupa inapungua nikabaki nimeshika kichwa.

Simama ukifika mililita 700, hata kama bado yanatoka. Yanayofuata ni hafifu na yana harufu ya majani yaliyochemka, ukiyachanganya unashusha yote. Na chungu kikikauka maua yanaungua, na bomba linabeba moshi miezi.

Umefanikiwa ukiona: maji meupe kama yamechanganywa na tui jepesi sana, au maangavu yenye vitone vinavyometa juu. Harufu mwanzoni ina kitu cha kuchemshwa ndani yake, usikate tamaa, acha yapumzike wiki mbili chupani, inatoka na ua linabaki.

Onyo: yakiwa na rangi ya kijani au buluu, shaba imeingia. Hayo si ya kula wala ya uso. Rudia hatua ya tatu.

## Hatua ya 6: Kutenga mafuta

Mafuta haya mepesi kuliko maji, yanaelea. Kwenye beseni huwezi kuyaona, yanasambaa yanakuwa kama hayapo, ndo sababu ya chupa yenye shingo nyembamba. Jaza maji ya maua mpaka katikati ya shingo, funika, weka mahali penye kivuli, usitikise, uache usiku.

Asubuhi shika chupa usawa wa jicho, dirishani. Pale shingoni utaona kikombe chembamba cha manjano hafifu kimekaa juu ya maji, kama mafuta ya supu ya kuku iliyopoa ila angavu, na ukiinamisha kidogo mwanga unapita na kivuli cha buluu kwa mbali. Hicho kivuli ndo kilinifanya nimwite mke wangu aje aone. Akaangalia akauliza, haya ndo umeyapikia tangu jana? Nikasema ndio. Akaondoka.

Zamisha sirinji taratibu mpaka iguse hicho kikombe, vuta polepole sana, hamishia kwenye kichupa cha kahawia hapohapo, usiyaache ndani ya sirinji maana yanakula ule mpira. Ukivuta na maji kidogo haidhuru, acha yatulie uyatenge tena.

Kama kuna utando tu usioshikika, hujakosea. Sehemu ya mafuta inayeyuka ndani ya maji na haitoki. Ujanja ni huu: kesho ukichuma nusu kilo nyingine, pikia kwa maji haya ya leo badala ya mapya, ujazie yafike lita 2. Mafuta yaliyoyeyuka humo yanapanda tena pamoja na ya maua mapya, maji yanayotoka yanashiba, kwaiyo yanayozidi yanalazimika kuelea. Mara ya pili au ya tatu unaona tofauti kwa macho. Unapoteza maji ya maua ya siku moja, unapata matone. Chagua mwenyewe.

## Hatua ya 7: Kuhifadhi

Mafuta: kichupa cha kahawia kilichojaa, kibaridi, gizani. Yakipigwa na mwanga na hewa yanageuka wekunduwekundu na harufu inachoka.

Maji ya maua: chupa ya kioo iliyochemshwa na kukaushwa kabisa. Kwenye friji yanakaa miezi kadhaa, nje ya friji kwa joto la Lindi na Mtwara tumia ndani ya wiki mbili tatu. Ukiona kitu kama pamba kinaelea, au uchachu, mwaga, usichuje.

## Matumizi

Mapishi. Maji ya maua tu, na yawe yametoka kwenye mtambo safi. Shira ya kaimati vikombe viwili, kijiko kimoja cha chai, utie ukishaipua, ukitia ikiwa inachemka harufu yote inaruka. Hivyohivyo kwenye visheti na juisi ya ukwaju. Kijiko cha pili kinageuza kaimati kuwa sabuni, kwaiyo usijitie ufundi.

Liwa. Sugulia liwa kwa maji haya badala ya mawaridi. Bibi harusi aliyefanyiwa singo na maji ya danzi humwambii kitu kuhusu manukato ya dukani.

Kupuliza. Shuka, mtandio, nywele. Jaribu kwanza kwenye pindo la kitambaa cheupe.

Ngozi. Mafuta yenyewe usipake makavu. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi (mililita 30) na matone 6 ni kipimo cha mwili, uso matone 3. Ya ufuta, ambayo huku kwetu hayakosekani, ni mazuri kwa ngozi ila yana harufu yake na yanagombana na ua, mimi natumia nazi. Jaribu kidogo kwenye kiwiko kwa ndani ungoje siku moja. Watoto wachanga usiwapake, na mjamzito aulize kwanza kliniki.

Wengi wanauliza jua. Mafuta yanayokamuliwa kwenye ganda la danzi yanafanya ngozi iungue ukitoka juani, haya ya maua yaliyotolewa kwa kuchemsha hayana shida hiyo. Usichanganye mawili haya kwa kuwa yametoka mti mmoja.

Kutuliza mawazo. Tone moja kwenye leso karibu na mto, watu wanalala vizuri. Lakini sio dawa ya presha, usije ukaacha vidonge vyako, na mafuta usinywe hata tone.

## Kama huna bomba

Sufuria kubwa, jiwe safi katikati, bakuli juu ya jiwe, maua na maji pembeni yake. Funika kwa mfuniko uliogeuzwa kichwa chini, ujaze barafu juu yake. Mvuke unagonga ubaridi, unateremka kwenye kitovu cha mfuniko na kudondokea bakulini. Moto mdogo, dakika 40. Utapata maji kikombe kimoja na mafuta hutaona, ila kwa mtu mwenye maua robo kilo hii inatosha.

Na wale wanaokaanga maua kwenye mafuta ya nazi mpaka yawe kahawia, mnapata mafuta yenye harufu ya bagia. Loweka baridi: acha maua yanyauke masaa machache, yazamishe kwenye nazi siku moja, chuja, weka mengine mapya, rudia mara tano hadi saba. Ni mafuta mazuri ya mwili, sio neroli.

## Ukinunua au ukiuza

Ukiuziwa neroli kwa bei ya mafuta ya mchaichai, sio. Weka tone kwenye karatasi nyeupe ukae nalo. Likikauka bila kuacha duara la ugrisi, halijachanganywa na mafuta ya kula. Kipimo hiki hakikamati mafuta ya majani ya mdanzi yanayouzwa kama ya maua, hapo inabidi pua, ya majani yana ukali wa kijani na kijiti.

Ukitaka kuuza kwa chupa na lebo, vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, anzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze. Na kabla ya lolote andika kwenye kila chupa tarehe uliyopika na uzito wa maua, maana mteja wa kwanza akirudi kusema nataka ileile, bila hiyo karatasi hutajua ileile ilikuwa ipi.